Wanaume Jamvini, Wanawake Mlangoni

Kuna ubishi usiokosekana kila kamati ya harusi inapoundwa na ikatokea kwamba bwana harusi ni wa bara na bi harusi ni wa pwani, au kinyume chake. Wa pwani atasema, "Wakikuyu nyinyi mnauza mabinti, mnakaa kuhesabu mbuzi kama mko mnadani." Wa bara atajibu, "Na nyinyi je? Bi harusi yuko chumbani na hina yake, wanaume wameshamaliza mambo msikitini, yeye anapata habari tu kwamba tayari ni mke wa mtu." Hapo watu hucheka, chai huongezwa, na mambo huishia hapo. Nyani haoni kundule.

Ubishi huu ni mtamu lakini umekaa kombo, manake kila upande unalinganisha uzuri wa kwao na ubaya wa kwa wenzao. Hebu tuurudishe vitabuni tuone kama utasimama. Vitabu vyenyewe ni vitatu, na vyote mtu anaweza kuvisoma kwa Kiswahili: Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta cha 1938, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Naushangilia Mlima wa Kenya, na Nitaolewa Nikipenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa kwa Kikuyu kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Vitabu viwili vya kwanza vinaeleza harusi inavyofaa kuwa. Cha tatu kinaonyesha harusi inavyoweza kukuangamiza.

Tuanze na wale wawili wa kwanza, manake wanafanana kuliko tunavyodhani. Mtoro alikuwa mtu wa Mrima, upande wa Bagamoyo, na habari zake zilikusanywa na Mjerumani Carl Velten. Kenyatta aliandika London, akiwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski. Yaani wote wawili wanaeleza harusi ya kwao mbele ya mgeni mwenye kalamu na mamlaka, na mgeni huyo tayari ana lake kichwani: kwamba Mwafrika hununua mke. Ndiyo maana maandishi yao yana adabu ya mtu aliyeitwa shaurini. Kenyatta anakataa katakata kwamba ruracio ni ununuzi. Anaeleza vilevile jinsi jamaa wa kike wa bwana harusi wanavyomwendea binti na kumbeba juujuu huku analia na kujinyonganyonga, kisha anamkanya Mzungu asidhani ametekwa, kwani kilio chenyewe ni sehemu ya sherehe. Mtoro hateti hivyo. Yeye anapanga mambo kwa utulivu, hili kisha lile, kama mzee anayejua kwamba desturi haihitaji wakili.

Maisha yao, hata hivyo, yaliwachezea shere. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na walipojaribu kurudi pamoja Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ilimzuia asishuke na mkewe. Kenyatta naye alimwoa Grace Wahu kimila, kanisa lake likamtia adabu na kumtaka afunge ndoa mbele ya hakimu wa Kizungu, jambo lililofanyika mwaka 1922. Wataalamu wawili wa harusi, na wote wawili waliambiwa na mtu wa nje kwamba ndoa yao bado haijatosha. Ukizisoma sura zao za ndoa ukiwa na habari hii kichwani, utaona kwamba hazielezi mila tu. Zinadai haki ya jamii kusema yenyewe ni lini mtu ameoa.

Sasa tuje kwenye mali, kwa sababu ndiyo inayozua kelele. Kisheria ya Kiislamu, mahari ni ya bi harusi mwenyewe. Si ya babake, si ya mjomba. Yanatajwa wakati wa nikaha, yanaweza kulipwa papo hapo au yakabaki deni juu ya mume, na yakibaki deni, mwanamke ana haki ya kuyadai. Hapo watu wa pwani tuko sawa tunapojivuna. Lakini desturi haikuishia kwenye sheria. Kandokando ya mahari pwani kuna kilemba cha babake binti, kuna mkaja wa mamake, kuna ubeleko. Sikiliza majina hayo vizuri. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Yaani familia ya bwana harusi inaambiwa: kabla hujamchukua huyu, kumbuka kuna tumbo lililomzaa na mgongo uliombeba. Si uongo kwamba hiyo nayo ni hesabu. Tofauti ni kwamba hesabu hii ina jina zuri.

Kwa Wakikuyu mali haiendi kwa binti, inaenda kwa familia yake, na haiendi siku moja. Kuna siku ya kubisha hodi na kuweka alama ya posa, wanayoiita kũhanda ithĩgĩ, kupanda matawi. Kuna ruracio lenyewe, mbuzi wanaotajwa kwa idadi na kulipwa kwa noti au kwa simu. Kuna ngurario, siku ya kuchinja, ambapo bwana harusi hukata kĩande, bega la mnyama, mbele ya mashahidi. Na baada ya yote hayo Wakikuyu wenyewe hukwambia kwamba ruracio haliishi. Mgeni husikia neno hilo akashtuka, akaona ni ulafi. Lakini lina maana yake: ukimaliza kulipa, umemaliza undugu. Deni dogo linalobaki ndilo linalokufanya urudi kwa wakwe Desemba na mfuko wa sukari na blanketi la mama.

Hapa ndipo ninapoona tofauti halisi ya harusi hizi mbili, na si pale kwenye mbuzi. Ni tofauti ya wakati. Nikaha hukamilika kwa dakika chache: kuna wali, mashahidi wawili, mahari yametajwa, huyu amesema nimekuoza, huyu amejibu nimekubali. Kwisha. Ngoma, hina, singo, kesha, pilau na fungate ni furaha na heshima, lakini hata ukiviondoa vyote ndoa ipo. Ya Kikuyu ni kama kusuka kikapu cha kiondo, hujui ni uzi upi hasa uliokifanya kuwa kiondo mpaka mtu akuulize. Na siku hizi anayeuliza ni hakimu. Tutafika huko.

Je, binti anaulizwa? Swali hili ndilo ninalotaka tulikazie macho. Pwani, kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea, wali ni nguzo ya nikaha, na bi harusi kwa kawaida hayupo pale jamvini. Anaendewa chumbani, anaulizwa kama ameridhia, na kwa binti ambaye hajawahi kuolewa kimya chake huhesabiwa kuwa ni ndiyo, kwa sababu haya imemzuia. Kwa Wakikuyu anaitwa hadharani. Pombe ya muratina au soda imeletwa na wageni, naye anaulizwa mbele ya wazee: hiki kinywaji cha watu hawa tukinywe? Akikataa kukigusa, shughuli imevunjika. Ukitazama juujuu utasema Mkikuyu ameshinda, kwao binti ana sauti.

Mimi sina haraka hiyo. Mtu anayeulizwa mbele ya watu mia mbili waliovaa sare, hema limelipiwa, mbuzi wako kwenye moto, ana uwezo gani wa kusema hapana? Swali la hadharani linaweza kufunga mdomo kama vile kimya cha chumbani kinavyofungwa na haya. Na kinyume chake pia ni kweli: chumbani, mbele ya somo wake na shangazi wawili, kuna msichana anayeweza kulia kweli, na wale wanawake wakaenda kumwambia babake kwamba huyu hataki, tusilazimishe. Desturi zote mbili zimeweka mahali pa kuuliza. Hakuna hata moja iliyoweka mahali pa jibu la pili.

Lugha zenyewe zinatoa ushahidi wa ajabu. Kiswahili kinasema mwanamume huoa na mwanamke huolewa, anatendwa. Ngaahika Ndeenda, jina la ile tamthilia kwa Kikuyu, limebeba kitenzi ambacho si cha kutendwa. Mwanamke ahika, anafanya yeye. Ilipofika katika Kiswahili ikawa Nitaolewa Nikipenda, na mtafsiri hakuwa na la kufanya, lugha yetu haimpi mwanamke kitenzi kingine. Lakini Kikuyu hichohicho hutumia pia kitenzi kũgũra, kununua, kwa habari ya kuoa, na huyo ndiye mzimu ambao Kenyatta alikuwa akiufukuza kitabu kizima. Basi ndiyo hivyo: mmoja ana sarufi nzuri na hesabu mbaya, mwingine ana sheria nzuri na sarufi mbaya. Asijisifu mtu.

Kitu ambacho Mtoro na Kenyatta wote wanakipitia mbio ni mlango. Ukienda ruracio leo, Kiambu au Nyeri, utaanza kwa kusimama nje. Wanawake wa mji wamefunga lango, wanaimba, nanyi mnaimba kujibu, na hamwingii mpaka mmetoa kitu. Ukienda harusi ya pwani, bwana harusi akitoka kwenye nikaha anafika kwenye mlango wa chumba cha bi harusi na kukuta somo na mashangazi wamesimama, na hapo kuna kifungua mlango. Asipotoa, hapiti. Mabonde na milima mia tano ya kilomita kati ya watu hawa wawili, dini mbalimbali, na bado wamefika mahali pamoja: wanaume wana jamvi na maneno, wanawake wana mlango na ushuru.

Ukiangalia vizuri, kule mlangoni ndiko kuna fasihi. Ndiko kuna nyimbo za vijembe, vugo kule Lamu na Mombasa, lelemama zamani, kupokezana kwa nyimbo za langoni kule bara. Na hata leso imesafiri. Siku hizi katika ruracio wasichana kadhaa hufunikwa leso kichwa mpaka miguu, bwana harusi akaambiwa amtambue wake, na akikosea anatozwa faini. Nguo hiyo ni ya pwani, imeandikwa jina lake kwa Kiswahili, na pengine huyo msichana wa Mũrang'a amesimama amefunikwa fumbo la Kimvita ambalo hakuna mkwe yeyote anayelisoma. Mimi ningemwomba mwandishi yeyote kijana aanzie hapo. Leso ile ilisema nini, na ni nani aliyeichagua?

Mwanamke aliyeandika kuhusu ndoa kabla ya wanaume hawa wawili tunamjua. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, naye anasomwa mpaka leo, wengine wakimsifu kwa hekima na wengine wakimlaumu kwa kumfundisha binti kumnyenyekea mume. Lakini zingatia kitu kimoja: huo ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti, ni maneno ya chumbani, upande wa ndani wa mlango. Baadaye kikaja Wanawake Watatu wa Kiswahili, maisha ya wanawake wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, ambapo wanawake wanasimulia wenyewe. Ukivisoma baada ya Mtoro, unajisikia kama mtu aliyekuwa amesimama barazani muda wote na sasa ameambiwa karibu ndani.

Sasa Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda ni kibarua, ana ekari moja na nusu, na hatimiliki yake imetundikwa ukutani kama picha ya babu. Bintiye Gathoni anapendana na kijana wa tajiri Kĩoi. Siku moja Kĩoi na mkewe wanatuma habari kwamba watakuja kutembea. Kĩgũũnda na Wangeci wanafikiri nini? Wanafikiri ni posa. Mzazi gani asingefikiri hivyo? Wageni wanafika, na kumbe wamekuja kuwahubiria: ninyi wawili mnaishi katika dhambi, ndoa yenu ya kimila si ndoa, lazima mfunge harusi kanisani. Mwishowe wanakopa benki kwa dhamana ya ile hatimiliki ili wanunue suti, gauni na keki. Gathoni anapata mimba na anakataliwa. Deni halilipiki, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kĩoi.

Watu wengi husoma tamthilia hii kama habari ya ardhi na ubepari, na si makosa. Lakini isome kama habari ya harusi, uone ilivyo kali. Uhalifu wa Kĩoi unaanzia pale alipokataa swali. Alikuja nyumbani kwa mzazi wa binti bila kuuliza kilichopaswa kuulizwa, na badala yake akaiuliza ndoa ya wenyeji wake kama ipo au haipo. Ni kilekile kilichompata Kenyatta mwaka 1922. Na hapo ndipo ninapoona kasoro ya tamthilia hii niipendayo: jina limempa Gathoni usemi, lakini katika mchezo wenyewe yeye ndiye anayeulizwa kidogo kuliko wote. Babake anafoka, mamake anaomboleza, wafanyakazi wanaimba juu ya umoja, na binti anatoka mlangoni. Serikali ilipoona mchezo huu ilinyima watu ruhusa ya kuucheza, na kufikia mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Hatukupata nafasi ya kuubishia kwa utulivu kama kazi ya sanaa. Nadhani sasa tunayo.

Mtu ataniambia, ndugu mwandishi, haya ya vitabuni yana faida gani kwa watu wanaochangiwa harusi? Faida yake utaiona siku ya msiba. Mume akifa bila cheti, mjane wa Kikuyu ataulizwa swali moja: mlichinjiwa? Katika uamuzi wa 1970 ambao bado unatajwa, mahakama ilishikilia kwamba bila kondoo wa ngurario hakuna ndoa ya Kikuyu. Mwanamke amelea watoto, amejenga, amemuuguza mtu, na haki yake inategemea kama kuna mzee atakayeapa kwamba aliona mnyama akichinjwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilijaribu kulegeza: pale mila inapodai ruracio, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuwa ushahidi, na ndoa za kimila zinatakiwa zisajiliwe kama nyingine. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwamba dhana ya ndoa kwa sababu tu watu wameishi pamoja muda mrefu itumike kwa nadra. Ule mlango wa nyuma ambao wajane wengi walikuwa wakipitia umebanwa.

Mjane wa pwani ana nafuu kwa upande mmoja: nikaha ina tarehe, ina mashahidi, ina karatasi, na ana mahakama ya kadhi inayotambuliwa na Katiba. Lakini muulize kama mahari yake yaliyobaki deni aliwahi kuyadai. Wengi watacheka. Ataonekana mroho, ataambiwa amesamehe zamani, na ukimuuliza aliyasamehe lini, kumbe alisamehewa kwa niaba yake. Haki ipo kitabuni na haya ipo mlangoni, na haya ina nguvu za kumshinda hata kadhi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka kulinganisha desturi hizi ili kupata mshindi. Kifungu cha 45 cha Katiba kimeshasema mume na mke wana haki sawa ndoa inapofungwa, inapodumu na inapovunjika. Kipimo ni hicho, na kwa kipimo hicho kila upande una la kujifunza kwa mwenzake. Mkikuyu angeweza kujifunza pwani kwamba mali ya ndoa inaweza kutajwa kwa jina la bi harusi mwenyewe, ikaandikwa, ikawa yake. Mswahili angeweza kujifunza bara kwamba hakuna ubaya binti akisimama mbele ya watu akasema ndiyo kwa mdomo wake. Na wote wawili tungeweza kufanya jambo ambalo halina gharama: kumuuliza wiki mbili kabla hema halijalipiwa, faraghani, na mtu ambaye hapati kilemba wala mbuzi, kama bado anataka.

Kwa upande wa uandishi, pengo ni kubwa vilevile. Mtoro aliandika kwa ajili ya Mjerumani na Kenyatta kwa ajili ya Mwingereza. Ngũgĩ aliandika kwa ajili ya mkulima wa Limuru, na kwa hilo peke yake aliwazidi wote wawili. Bado tunasubiri kitabu cha Kiswahili kitakachoandikwa kutoka mlangoni, na mmoja wa wale wanawake walioshika komeo, aliyesikia yanayosemwa jamvini na yanayosemwa chumbani, na ambaye hamwelezi mgeni yeyote. Atakuwa na mengi. Wengi wao wanayo tayari, yamo kwenye nyimbo na kwenye leso zilizokunjwa sandukuni, na nyimbo za langoni tunazirekodi kwa simu kila Jumamosi kisha tunazifuta ili kupata nafasi ya picha.